Mjenzi wa Ghorofa Alipie Taka Kabla Wapangaji Hawajahamia

Huku Uingereza ilani ya ujenzi hubandikwa kwenye nguzo ya taa, na faili lote liko mtandaoni. Raha yangu ni kusoma hesabu ya mapipa. Ndiyo, mapipa. Kanuni inayotumika sana ni lita 70 za taka kwa kila chumba cha kulala, ongeza 30 kwa kila nyumba, kwa wiki. Jumba la nyumba 60 za vyumba viwili ni lita 10,200. Gawa kwa pipa la lita 1,100, unahitaji mapipa kumi. Mchoro nao uonyeshe kwamba mpangaji habebi mfuko zaidi ya mita 30, ngazi hazihesabiwi, na kwamba njia ya kusukumia mapipa haina mwinuko mkali.

Hayo ni ya ndani ya ua. Kinachonitia wivu ni ya nje. Kwa kifungu cha 106 cha sheria ya mipango ya 1990, halmashauri inaweza kumdai mjenzi mchango wa kupanua kituo cha kuchakata taka, mradi ithibitishe kuwa jumba lake ndilo linaloongeza mzigo. Tangu 2010 kuna pia tozo kwa kila mita ya mraba, inayodaiwa ujenzi unapoanza. Ukichimba msingi kimyakimya, unaongezewa asilimia 20 ya tozo au pauni 2,500, yoyote iliyo ndogo. Na kila mwaka, kabla Desemba haijaisha, halmashauri hutangaza imepokea ngapi na imenunua nini.

Sasa njoo Kilimani, Nairobi. Bangalo moja inabomolewa, yanasimama maghorofa, na lori ni lilelile la kwenda Dandora, jaa lililotangazwa kujaa 2001. Msiniambie hatuna sheria. Ya mipango ya ardhi, ya 2019, inaruhusu kaunti kutoza ada ya ustawishaji. Ya usimamizi wa taka, ya 2022, inataka taka zitenganishwe. Ila risiti ya mjenzi haisemi pesa yake itajenga nini, wapi, lini.

Najua nitaambiwa: "Umekula viazi vya wazungu kidogo tu, ushaanza kutufundisha." Haya. Huku nako wajenzi hulia kwamba faida itashuka chini ya asilimia 15, mchango ukapunguzwa. Pesa nyingine hulala benki miaka. Sijasema ni peponi.

Mwingine atasema mpangaji ndiye atakayelipa. Inategemea lini. Kiwango kikijulikana kabla ya ploti kununuliwa, mjenzi hukikata kwenye bei anayompa mwenye ardhi. Kikizuka baadaye, hapo kweli kinaingia kwenye kodi ya nyumba. Basi kaunti ichapishe jedwali na isiligusegeuse.

Wala tusinakili mapipa yao. Taka za Nairobi zaidi ya nusu ni maganda na mabaki ya chakula. Pipa la lita 1,100 likijaa hayo, halisukumiki. Chukua ya lita 240, yazolewe mara mbili kwa wiki. Tozo ijenge yadi ya taka ya wadi: paa, sakafu ya zege yenye mfereji, mizani, na sehemu kavu ya karatasi, kwa sababu katoni ikilowa mchuzi hakuna anayeinunua. Cheti cha kuhamia kisitoke kabla hela haijaingia kwenye akaunti ya yadi hiyo. Kaunti ikidai haina ardhi, ipokee kwa mjenzi kipande cha ploti badala ya pesa. Hata huku hilo linaruhusiwa.