"Umegeuka," shangazi kaniambia

Mwaka wangu wa kwanza Leipzig, Ujerumani, nilichekwa darasani. Mwalimu aliuliza nimekuja kusomea nini. Mimi na Kiingereza changu cha Tanga nikadhani "bekommen" ni "become" tu, nikajibu kwa kujiamini: "Ich bekomme Krankenschwester." Kumbe nimesema napata muuguzi, kama mtu anayeletewa sahani mezani. Maneno hayo ni ndugu wa tumbo moja, ila mmoja aliishia kwenye kupata, mwingine kwenye kuwa.

Nililolihitaji ni "werden", yaani kuwa. Ni kitenzi cha zamani sana. Waholanzi wanacho, "worden". Waingereza walikuwa nacho wakakiacha kife; mabaki yake yamo katika Biblia yao ya 1611, Ezekieli 30:2, "Woe worth the day", ole iwe kwa siku hiyo, na hiyo "worth" ndiyo kitenzi chenyewe. Mjerumani yeye kakibebesha mizigo yote: "ich werde Lehrerin", nitakuwa mwalimu, "ich werde kommen", nitakuja, "das Haus wird gebaut", nyumba inajengwa. Sisi mizigo hiyo tunaimaliza kwa -ta- na -w-, vipande vya neno ambavyo hata havisimami peke yake.

Na maisha ya huku ndivyo yalivyo, kila mtu yuko njiani kuwa kitu. Mafunzo ya uuguzi miaka 3, mtihani wa lugha, kibali cha ukazi, halafu kibali kingine. Hakuna anayekuona umefika. Martin Luther, aliyeitafsiri Biblia kwa Kijerumani, aliandika "Es werde Licht", Biblia yetu inasema "Iwe nuru, ikawa nuru", na kuwa kwetu ni kulekule, uwe umeshafika au bado.

Mtoto wa huku huulizwa "Was willst du werden?", yaani unataka kuwa nini. Kwetu: "Ukikua unataka kuwa nani?" Nani, jamani! Hapo nasimama na kwetu, japo najua mtoto wa Tanga naye atajibu "rubani" vilevile.

Sikukuu iliyopita nilimwahidi shangazi nitampigia saa kumi. Saa kumi kamili simu ikaita. Dakika ishirini baadaye nikaanza kuaga, zamu inanisubiri.

"Wewe umegeuka Mjerumani," akasema, na hakuwa anasifu.

Sikumwambia kwamba mzizi wa "werden", ule uliozaa "vertere" ya Kilatini, maana yake ilikuwa hiyohiyo: kugeuka.

"Sijageuka, shangazi."

"Haya. Basi weka hiyo saa chini, nikwambie ya harusi."

Zamuni nilifika nimechelewa.