Usifute kila kilicho baada ya "of"

Kuna kanuni ya Kiingereza inayofundishwa kana kwamba haina dosari: ukitaka kujua kitenzi kiwe cha umoja au cha wingi, futa maneno yote kuanzia "of", kisha tazama kilichobaki. Kwa maoni yangu hiyo ni nusu ya kanuni, na nusu iliyoachwa ndiyo inayowaangusha wanafunzi.

Kwa "each" inafanya kazi vizuri. "Each of the windows is broken": ukifuta "of the windows", inabaki "Each is broken". Hivyo hivyo kwa "one", "either" na "neither", kwa sababu maneno haya huchukua kimoja kimoja hata kama vilivyotajwa ni mia.

Sasa ijaribu kwenye "Most of the windows are broken" na "Most of the milk is sour". Baada ya kufuta unabaki na "most" tupu, neno lisilokuambia chochote. Jibu lilikuwa kwenye maneno yaleyale uliyofuta! "All", "most", "some", "any", "more" na "none" hutaja sehemu ya kitu, na kitu chenyewe ndicho kinachoamua: kikihesabika na kiko katika wingi, kitenzi ni cha wingi, kisipohesabika, ni cha umoja. Hata "of" isipokuwepo, nomino haijatoweka, irudie nyuma. "We bought rice. Some was wet." Anayeandika "some were" hapo ameisahau sentensi ya kwanza.

Kwa anayezungumza Kiswahili hili lisingepaswa kuwa gumu. Tunasema maziwa yote yamemwagika, wanafunzi wote wamefika. Nomino ndiyo inayotawala. Na hakuna anayesema "kila mtu wamefika". Basi "everyone have" inatoka wapi? Mara nyingi ni kufuata maana: mtu anafikiria umati, anasahau umbo la neno. Maneno yote yanayoishia na "-one", "-body" na "-thing" ni umoja, hata yakitaja dunia nzima. Chanzo kingine ni ile "s". Kwenye nomino ni alama ya wingi, kwenye kitenzi ni alama ya umoja, kwa hiyo mwanafunzi anaandika "everyone know" akiamini ameondoa wingi. Dawa yake ni kuweka "he" mahali pa kiwakilishi: "he knows", basi "everyone knows".

"Both", "few", "many" na "several" ni wingi daima. Hayana shida.

Mgogoro mkubwa uko kwenye "none". Wapo walimu wanaokata kwa wino mwekundu "None of the students were late", wakidai neno hilo maana yake ni "hata mmoja". Asili yake ni hiyo kweli, lakini wingi umetumika nalo tangu Kiingereza cha kale, na H. W. Fowler, mtunzi Mwingereza wa kamusi, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926, tayari aliandika kuwa ni kosa kudhani ni la umoja tu. "Was" inakubalika, "were" inakubalika. Kisichokubalika ni "None of the money were", maana pesa hapo haihesabiki. Katika maandishi rasmi sana umoja ni salama zaidi, ila kumnyima mtu alama kwa "were" ni uonevu.

Angalieni pia mahali "each" ilipokaa. "Each of the boys has a key", lakini "The boys each have a key", kwa sababu hapa kiima ni "boys".

Wanaotunga mazoezi wasipoteze nafasi kwa wakati uliopita, isipokuwa "was" na "were": "went" haibadiliki, na "can" au "will" hazibadiliki kamwe. Kosa huonekana kwenye "was" na "were", "has" na "have", "do" na "does", na vitenzi vya wakati uliopo. Baada ya hapo waongeze maswali ya mkia, yaani maswali mafupi ya mwisho wa sentensi, maana huko ndiko umoja unapogeuka wingi ndani ya sentensi moja: "Everyone has eaten, haven't they?" Inashtua, lakini ni sahihi. Kwa vitu haigeuki: "Everything is ready, isn't it?"