Vimashua vya karatasi, hapana

Mwandishi wa makala ninayoijibu anapendekeza wanafunzi wa Mwanza wasukume vimashua vya karatasi katika Ziwa Victoria Aprili 7, siku ya kukumbuka mauaji ya kimbari ya Rwanda. Napinga. Mwaka 1994 Mto Kagera uliingiza miili ya waliouawa Rwanda humu humu ziwani. Iliyoopolewa Uganda imezikwa Kasensero, Lambu na Ggolo. Vitu vinavyoelea pale vitakuwa kama kuigiza zile maiti.

Bora udongo wa mfinyanzi: kila mwanafunzi donge la ngumi moja, alibonyeze hadi unene wa kidole, achore kwa njiti kitu kimoja alichokipenda marehemu ambaye habari zake wamezisoma darasani. Vibao hivyo vikauke kivulini siku 5 hivi. Juani kingo husinyaa mapema, katikati pakabaki pabichi, kikapasuka. Mishumaa nayo, upepo wa ziwa utaizima kabla dakika ya ukimya haijaisha.