Mchanga ulikuwa wa muuza chipsi, moshi ulikuwa wangu

Kabla hamjaendelea kunitumia ile picha: duka la mama mkwe halikuungua. Moto haukuwepo. Ulikuwepo moshi, tena kidogo. Jamaa yangu aliyeandika kwenye kundi kwamba "fundi wetu kachoma steshenari ya wakwe" alifika mambo yameshaisha, akapiga picha, akaondoka. Hata pole hakutoa.

Kompyuta ya mama ilikuwa ukiiwasha unaweza kuinjika maharage na yakaiva kabla yake. Nikamwambia dawa ni SSD, ile diski ya kisasa yenye kasi: Windows ihamie huko, hard disk ya zamani ibaki ya kutunzia kazi za wateja. Ushauri huo nausimamia mpaka leo.

Kufunga ni kazi ndogo. Waya mmoja wa data hadi kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), mwingine wa umeme kutoka kwenye pawa saplai (kile kisanduku kinachogawa umeme ndani), vichwa vyote vina umbo la L, hata gizani hukosei. Ila pawa saplai yenyewe ni ya mtumba, zile za kuchomoa waya, na ilikuja na waya wa diski wenye kichwa kimoja tu. Mimi nyumbani nina droo ya waya. (Wenye droo ya waya mnajuana.) Nikachukua wenye vichwa vitatu, wa pawa saplai nyingine iliyokufa zamani. Ukaingia, ukalia "ka!" Nani angetia shaka?

Kwa wasiojua, na mimi nilikuwa mwenzenu hadi Jumamosi: upande wa diski pini zimepangwa sawa dunia nzima, lakini upande wa pawa saplai kila kampuni hupanga inavyotaka. Mahali diski ilipotegemea volti 5, mimi nikaipelekea 12. Zote mbili, mpya na ya zamani, maana nilizitundika kwenye waya uleule.

Mama kakaa kwenye kiti cha wateja, kanishikia tochi ya simu. Kuna mteja anasubiri kopi za cheti cha kuzaliwa. Nikapiga bismillahi, nikabonyeza.

Feni zikazunguka. Nikatabasamu. Pembeni mwa SSD ukachomoza uzi wa moshi, mwembamba, unapanda taratibu.

"Baba, hiyo harufu ni ya kawaida?"

"Kawaida mama. Kifaa kipya kinajipasha."

Nilisema hivyo huku moshi nauona. Jamani, ulimi wa mkwe.

Mteja ndiye aliyepiga yowe la "Moto!", likavuka barabara hadi kwa muuza chipsi, ambaye kwa uangalifu wake huwa na ndoo ya mchanga kando ya jiko. Namwona anakuja. Nimeshachomoa plagi. Moshi umeshakata. Sipiyu, yaani kasha zima la kompyuta, imelala ubavu, kava liko pembeni, kila kitu kiko wazi. Nikanyanyua mkono wenye bisibisi, nikasema, "Kaka, usi..."

Hilo "mwage" lilikutana na mchanga njiani. Ndoo nzima, bila kupotea hata punje. Umejaa kwenye feni, umejaa kwenye nafasi za RAM (vibao vya kumbukumbu), umeingia pawa saplai kupitia vile vitundu vya kupumulia. Mwingine umeingia kinywani, kwa sababu nilikuwa bado naongea. Kaka akatua ndoo, akajifuta jasho, akasema, "Tumewahi." Mteja akamshukuru. Mama akamshukuru sana. Na mimi, natema mchanga, nikamshukuru.

Hapo ndipo jamaa yangu aliponikuta nimepiga magoti na brashi ya rangi.

Mengine mafupi. SSD imekufa, aliyeniuzia aliinusa tu, akanirudishia mkononi. Ile hard disk nikaipeleka Kariakoo, kijana akang'oa diodi moja ya kinga (kijipande cha kuzuia umeme uliozidi) iliyokufa badala ya wengine, diski ikazunguka, mafaili yote yakahamishwa. SSD nyingine nimenunua kwa hela yangu. Mke wangu alipata habari kutoka kwa mama yake kabla sijafika nyumbani, kwa hiyo hiyo tuiache.

Kompyuta sasa inawaka haraka. Feni tu ndiyo inakwaruza kila asubuhi, na wateja wakimuuliza mama ule mlio ni wa nini, anawajibu bila kucheka kwamba kifaa kinajipasha.