Wajapani wanajua kilo zao, sisi tunajua kusema "umenawiri"

Juzi mchana nimekaa na binti mmoja wa ofisini kwetu hapa Nagoya, Japani, ana miaka 24, kanunua onigiri moja, ule wali wa kufinyanga uliofungwa na mwani, kabla hajafungua akaigeuza nyuma akasoma kalori, protini, mafuta, chumvi, afu ndo akala. Moja tu. Nikamuuliza umeshiba? Akasema inatosha, jana usiku alikula rameni, ile supu ya tambi.

Hayo mambo hawajayaokotea ukubwani. Huku shule za msingi chakula cha mchana ni sehemu ya masomo, watoto wenyewe wanavaa kofia na aproni wanapakuliana, na ratiba ya chakula cha mwezi mzima inaenda nyumbani na kalori zake zimeandikwa. 2005 wakatunga kabisa sheria ya elimu ya chakula, wanaiita shokuiku. Ukianza kazi, mwajiri analazimika kukupima kila mwaka, sheria ya tangu 1972 hiyo, unapewa karatasi ina herufi, A maana yake uko sawa, ukishuka chini kuna jambo.

Mi mwaka wa kwanza nilikuwa na kilo 84 kwa urefu wa mita 1.76, BMI 27, yaani kilo ukizigawa kwa urefu mara urefu. Huku kuanzia 25 wanakuhesabu mnene, wakati Shirika la Afya Duniani linaanzia 30. Nesi hakunicheka wala kunitisha, aliniuliza tu kwa siku nakunywa makopo mangapi ya kahawa ya sukari. Matatu. Nikaacha, nikaanza kutembea mpaka stesheni, miezi kumi nikawa na 76.

Sasa nikaenda Morogoro 2023. Shangazi kaniona tu akashika kichwa, "Mwanangu umekwisha hivi, unaumwa? Huko hamli?" na majirani nao wakaja kunipa pole. Sikukasirika maana najua ni upendo. Ila huyo huyo shangazi miaka yote tulikuwa tunamsifia kanawiri, maisha yamemkubali, na hakuna hata mmoja wetu, na mimi nikiwemo, aliyewahi kumwambia twende ukapime sukari, mpaka alipopata kidonda mguuni kikakataa kupona, ndo ikajulikana, ana miaka 57. Hilo linaniuma mpaka leo.

Lakini msidhani nasema huku ndo peponi. Yule binti wa onigiri ni mwembamba mpaka mifupa ya bega inaonekana juu ya blauzi, na bado anajiona mnene. Utafiti wa serikali wa 2019 ulionyesha wanawake wa miaka ya ishirini, mmoja kati ya watano yuko chini ya BMI 18.5, yaani uzito pungufu. Yaani wanasoma lebo vizuri kabisa afu wanaitumia kujinyima, wenzao wakiwaambia "umepungua eh" wanafurahi, wengine mpaka wanachoma sindano za wagonjwa wa kisukari ili wakonde. Hedhi zinakata, mifupa inakosa nguvu. 2025 madaktari wa chama chao cha utafiti wa unene wakaona hili nalo wapendekeze litambulike kama tatizo lenye jina lake, maana mashine nzima ya elimu ilikuwa inawaangalia wanene tu, hasa wazee wenye vitambi, wanaume wa miaka 40 na kuendelea wanapimwa kiuno kisizidi sentimita 85.

Kwa hiyo mi ninachokitaka nyumbani ni mizani, tepu, na mwalimu wa kumwambia mtoto wa darasa la nne kwamba soda moja ina sukari kiasi gani. Ile hofu ya nyama ya mwili ibaki huku huku. Mwanamke wa kwetu anakula ugali wake na mlenda mbele za watu bila aibu, hilo ni jambo zuri sana na sitaki tulipoteze.

Desemba nashuka, nimeshanunua mashine ya presha ya mkononi na ya kupimia sukari. Jana shangazi kanipigia anauliza hiyo ya mkono inauma? Nikamwambia inabana kidogo tu afu inaachia. Akasema basi tutaanza na mjomba wako, yeye ndo anajifanya mzima.