Kwa nini baba haombi ruhusa

Mwanamume akiomba kutoka mapema kwa sababu gari liko gereji, bosi hamuulizi mara mbili. Akisema anampeleka mtoto kliniki, swali linakuja palepale: "Mama yake yuko wapi?" Wenzake watamalizia kwamba kalishwa limbwata. Ndiyo maana wengine huamua kusema gari liko gereji.

Kwa hiyo siwaelewi wanaodai kwamba wanaume hawatumii likizo ya uzazi wala saa za kazi zenye unafuu kwa sababu malezi hawayajali. Tazama Japani. Sheria ya kule inampa baba hadi mwaka mmoja wa likizo ya malezi, na bima ya ajira inamlipa sehemu ya mshahara. Mwaka 2012 walioichukua hawakufika wawili katika kila baba mia. Mwaka 2024 walikuwa asilimia 40.5. Upendo kwa watoto haupandi namna hiyo ndani ya miaka 12. Yamechangia mengi, lakini mimi naangalia hili: tangu Aprili 2022 mwajiri analazimika kumweleza mfanyakazi anayetarajia mtoto haki zake na kumuuliza kama atachukua likizo. Mwaka uliofuata, kampuni zenye wafanyakazi zaidi ya 1,000 zikatakiwa kutangaza hadharani kiwango cha wanaume walioichukua. Anayeulizwa hajidhalilishi. Anayeomba lazima ajieleze, tena mbele ya wanaume wanaompima uanaume wake kwa saa anazokaa ofisini.

Wapo wenye hoja kinyume. Duka la watu watatu likikosa mmoja, wawili wanabeba mzigo. Wanawake nao wamenyimwa vyeo miaka mingi kwa ruhusa hizihizi, hakuna aliyewaonea huruma. Na kweli wapo wanaochukua likizo wakashinda kijiweni. Ila ruhusa zote zikibaki kwa mama, mwajiri ataendelea kumwona yeye peke yake ndiye mwenye udhuru.

Kenya inampa baba wiki mbili kwa mshahara kamili. Tanzania kima cha chini ni siku 3, zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mama aliyejifungua kwa upasuaji huenda bado yuko wodini baba anaporudi kazini. Hata siku hizo chache, ofisa utumishi angeweza kumpelekea baba fomu mezani kabla mtoto hajazaliwa, asisubiri aombe.