Si kila chanjo anakatazwa

Nimesoma andiko linalosema eti mtoto mwenye tatizo la kinga asichanjwe chochote. Hapo mwandishi kachanganya mambo. Mtoto ambaye kinga yake ni mbovu sana hukatazwa zile chanjo zenye vimelea hai vilivyodhoofishwa: BCG (ya kifua kikuu), surua, rotavirusi (ya kuhara), polio ya matone. Za pepopunda, dondakoo, kifaduro na hata polio ya sindano hazina kimelea hai, haziwezi kumwambukiza; ila huenda mwili wake usijenge kinga ya kutosha. Tena hata mwenye VVU hupewa ya surua ikiwa kinga yake haijashuka sana. Nayasema haya kwa sababu yalitukuta. Mpwa wangu alichomwa BCG siku chache baada ya kuzaliwa, kama wenzake, hakuna aliyejua kwamba mwili wake hautengenezi chembe za kinga. Kidonda cha mkononi kikagoma kukauka, kila asubuhi kanzu ina usaha, mara tezi la kwapani likavimba kama limau. Na dada yangu alishazika mtoto wa kiume kwa nimonia kabla hajatimiza mwaka! Hilo hakuulizwa, ingawa kifo kama hicho huweza kuashiria tatizo la kinga linalorithiwa katika ukoo. Sasa mpwa wangu hawezi kuchanjwa surua, anategemea kinga yetu tuliomzunguka, na ugonjwa ule unavyoambukiza, inatakiwa kama asilimia 95 ya watu wawe na kinga ndipo usimfikie. Wenzangu, kuna aliyewahi kuulizwa habari za vifo vya vichanga katika ukoo kabla mwanawe hajachomwa BCG?